Rafiki wa rafiki, huko angani

Leo tuiache siasa ipumue kidogo. Nina hadithi ya galaksi ambayo kwenye kurasa za gazeti isingepata nafasi, basi naimwaga hapa.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, alilichunguza kundi la galaksi liitwalo Coma. Galaksi zake zilitofautiana kasi kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo zilipaswa kuwa zimetawanyika zamani. Mbona bado zipo pamoja? Zwicky akapiga hesabu, akaona uzito wa nyota zinazoonekana hautoshi kuzishika. Lazima kuna kitu kizito kisichotoa mwanga. Akakiita maada ya giza. Makadirio yake ya umbali yalikuwa na kasoro, kwa hiyo upungufu aliutia chumvi bila kujua, lakini hoja ilisimama. Wenzake wengi hawakuijali kwa miongo kadhaa (na ule mdomo wake mkali haukumsaidia).

Mambo yalibadilika miaka ya 1970. Mwaka 1978 Simon White na Martin Rees walieleza kwamba galaksi huzaliwa gesi inapopoa ndani ya mawingu makubwa ya maada hiyo, yaitwayo halo. Yaani halo ndiyo nyumba, galaksi ni taa tu zinazowaka ndani yake.

Sasa kazi: utajuaje taa ipi ni ya nyumba ipi, na nyumba yenyewe huioni?

Mwaka 1982 John Huchra na Margaret Geller walitumia kanuni ambayo hata mtoto wa mtaani kwetu angeielewa. Galaksi mbili zikiwa karibu angani, na kasi zake zikikaribiana, ni marafiki. Rafiki wa rafiki yako naye ni wa kundi lenu. Basi, mnaunganishwa hivyo hivyo mpaka marafiki waishe.

Utamu uko kwenye kipimo cha urafiki. Ukikilegeza, makundi mawili yanaunganishwa na daraja la galaksi chache za katikati. Ukikibana, kundi moja linavunjika vipande. Na aliyepita tu mbele ya nyumba anahesabiwa mwanafamilia, uzito wa halo unakosewa. Kwangu mimi hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, kwa sababu maada yenyewe haionekani: ukikosea orodha ya wanakundi, umekosea mizani.

Mwaka 2005 Xiaohu Yang, Houjun Mo na Frank van den Bosch waligeuza swali. Walikisia kundi, wakakadiria uzito wa halo kutokana na jumla ya mwanga wake, wakapata ukubwa wake, kisha wakauliza upya nani anaenea humo. Wakarudia mpaka orodha ikatulia.

Na sisi tumo. Galaksi yetu na Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru kama milioni 2.5, zinahesabiwa kundi moja, japo kila moja ina halo yake, na zinakaribiana kwa takriban kilomita 110 kwa sekunde.