Kimo cha Sauti

Tumezoea kusema "kiwango cha kurekodi". Shida ya istilahi hii ni kwamba kwa Kiswahili cha kila siku kazi ya kiwango cha juu ni kazi bora. Hivyo kijana anayefungua studio Kahama au Geita mjini huisukuma sauti mpaka taa nyekundu iwake, akiamini anaongeza ubora. Ningependa tuseme "kimo cha sauti": urefu wa wimbi kwenda juu, basi, bila sifa ndani yake.

Kigeuzi dijitali hupima umeme unaotoka kwenye maikrofoni, mara 44,100 kwa sekunde katika ubora wa CD, na kuuandika kwa namba. Chenye biti 16 kina ngazi 65,536; chenye biti 24 kina zaidi ya milioni 16. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu hufanana nacho: kipande cha gramu 2 na cha gramu 20 husomwa kwa usahihi uleule, lakini uzito ukizidi uwezo wake haisomi tena, na punje ndogo mno hupotea katika mtikisiko wa upepo. Ngazi ya mwisho ya kigeuzi huitwa desibeli sifuri. Wimbi likiipita, kilele chake hukatwa na sauti hupasuka.

Chini ya hapo, kimo kina athari ndogo mno. Kila biti ni desibeli 6 hivi. Ukishusha 12 umepoteza biti mbili. Kwenye utepe wa zama za Radio Tanzania hasara hiyo ilisikika, kwa sababu utepe una mvumo wake, na mafundi walikuwa na haki ya kurekodi kwa nguvu. Kigeuzi kizuri cha leo cha biti 24 kina nafasi ya desibeli 110 au zaidi kati ya kelele zake na sifuri. Feni, jenereta au karasha linalosaga mawe ng'ambo ya barabara huzidi kwa mbali kelele za kigeuzi, na ukipandisha kimo, karasha nalo linapanda. Dawa yake ni kusogeza maikrofoni karibu na mwimbaji.

Ngoma ya bugobogobo ya Wasukuma ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi. Wapigaji hujaribu mitambo kwa mkono mwepesi, kisha wachezaji wakirusha majembe, ngoma hupigwa kwa nguvu nyingine kabisa. Acha vilele vya majaribio viishie desibeli 12 chini ya sifuri, au 18 kama kundi hulijui. Kuongeza sauti utaongeza baadaye, kwenye programu.