Mpanda na harakati za uhuru wa Tanganyika

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Makanyagio ni mojawapo ya kata za manispaa yake. Wakati wa Waingereza, Mpanda ilikuwa wilaya ya pembezoni katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Reli, mgodi na kodi viliifunga wilaya hiyo kwenye uchumi wa kikoloni. Tabora nako ndiko ulikopitishwa mwaka 1958 uamuzi uliofungua njia ya uhuru kwa sanduku la kura.

Utawala wa Waingereza

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yaliwaondoa Wajerumani katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 1916, na Tabora ilitekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza Tanganyika iwe nchi ya udhamini, na mwaka 1946 usimamizi huo ukahamia Umoja wa Mataifa. Hivyo Tanganyika haikuwa koloni kamili kama Kenya. Mtawala wake alipaswa kutoa taarifa kwa chombo cha kimataifa, na wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko.

Gavana Donald Cameron, aliyetawala kuanzia 1925 hadi 1931, aliwatawala wananchi kupitia machifu. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu mabaraza, mahakama na kazi ya kukusanya kodi. Katika nchi za Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, wenyeji wa eneo la Mpanda, chifu alijikuta kati ya watu wake na Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa Kiingereza. Serikali pia iliwahamisha watu wengi wa magharibi na kuwaweka katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Waliohamishwa waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao bila kuulizwa.

Reli na risasi

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji sana madini na mazao ya makoloni. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi, pamoja na fedha, dhahabu na shaba, karibu na Mpanda. Tawi la reli la kilomita 210 hivi lilijengwa kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, kwa ajili ya mgodi huo. Mji ulikua, wafanyakazi wakakusanyika, na safari ya Tabora ikawa rahisi. Lakini faida na maamuzi havikuwa mikononi mwa wenyeji. Wanaume wengi wa Jimbo la Magharibi waliendelea kwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro ili wapate fedha za kodi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960.

Kutoka TAA hadi TANU

Chama cha Waafrika kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na baadaye kikajulikana kama TAA (Tanganyika African Association). Mgogoro wa ardhi ya Wameru wa kaskazini ulionyesha thamani ya udhamini. Baada ya familia nyingi kufukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alipeleka kilio chao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati huo, lakini nchi nzima ilisikia.

Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuzwa kuwa TANU (Tanganyika African National Union), rais wake akiwa Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora. Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Kiswahili kilikiwezesha chama kuzungumza na makabila yote kwa lugha moja. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wengi katika chama, na vyama vya wafanyakazi chini ya Rashidi Kawawa vikaongeza nguvu.

Mkutano wa Tabora

Gavana Edward Twining alileta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Masharti ya kipato na elimu yaliwazuia wananchi wengi kupiga kura. Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora, wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki, akiamini kwamba kususia kungewapa wapinzani Baraza la Kutunga Sheria. Zuberi Mtemvu, aliyepinga uamuzi huo, alijitenga na TANU na kuunda chama cha African National Congress. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Madaraka na uhuru

Gavana mpya, Richard Turnbull, alikubali kuharakisha mabadiliko. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Madaraka ya ndani yalipatikana tarehe 1 Mei 1961, na uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Majirani walipita njia nyingine. Kenya, ambako walowezi walikuwa wametwaa ardhi kubwa, ilipitia vita vya Mau Mau na hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Tanganyika ilikuwa na walowezi wachache, na malalamiko yake yalipata chama kimoja cha kuyabeba.

Urithi

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Mpanda iliingizwa katika Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, kisha Mkoa wa Katavi ukazaliwa mwaka 2012. Uhuru wa Tanganyika haukuwa zawadi ya Waingereza. Uliletwa na walipa kodi, manamba, wachimbaji na wanachama wa matawi ya TANU waliokubali nidhamu ya kura isiyo ya haki ili waishinde. Shule za Makanyagio na za Katavi nzima zinapaswa kuwafundisha watoto historia hii kama historia ya kwao, na kuandika kumbukumbu za wazee wakiwa wangali hai.