Damu Isiyoganda na Lawama ya Mdalasini

Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja wa Wisconsin, Marekani, aliendesha gari karibu kilomita 300 hadi mjini Madison. Alibeba mzoga wa mtamba, majani makavu yaliyoota ukungu, na debe la maziwa lenye damu iliyokataa kuganda. Ofisi ya mifugo aliyoikusudia ilikuwa imefungwa. Akabahatisha jengo jingine, akamkuta mwanakemia Karl Paul Link.

Ugonjwa uliomuua mtamba huyo haukuwa mgeni. Katika miaka ya 1920 Frank Schofield, daktari wa mifugo huko Kanada, alikwisha kuonyesha kwamba ng'ombe waliolishwa meliloto, mmea wa malisho, iliyovunda huvuja damu hadi kufa, hata wakikatwa pembe tu. Meliloto safi haikuwadhuru. Nayo harufu tamu ya mmea huo hutokana na kumarini, kemikali ileile iliyomo kwenye mdalasini, hasa ule wa Kichina wenye magome manene.

Link na wasaidizi wake walihangaika miaka sita. Mwaka 1939 Harold Campbell akaipata sumu yenyewe: kuvu huibadilisha kumarini, kisha molekuli mbili huungana kuwa dikumaroli. Dikumaroli huzuia mwili kuitumia upya vitamini K, na bila vitamini hiyo ini haliwezi kukamilisha baadhi ya protini zinazogandisha damu.

Ndugu wa dikumaroli kutoka maabara hiyo, wafarini, aliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Tangu 1954 akawa dawa ya binadamu ya kuzuia damu kuganda, na Rais Dwight Eisenhower alipopata shambulio la moyo mwaka 1955 alitibiwa nayo.

Basi wale wanaosambaziana kwenye simu kwamba chai ya mdalasini "inayeyusha damu" wameruka hatua moja, tena ile kubwa: kuvu. Kumarini ambayo haijageuzwa haizuii damu kuganda kwa kiasi cha kutajika. Lawama yake halisi iko kwenye ini, ndiyo maana Ujerumani ilitoa tahadhari mwaka 2006 juu ya biskuti za Krismasi zenye mdalasini mwingi. Anayemeza wafarini ana la kuangalia zaidi kwenye sufuria ya mboga: mchicha na sukuma wiki zimejaa vitamini K, na akizila leo tele, kesho asiziguse, nguvu ya dawa yake huyumba.