TAZARA na Uhandisi wa Mkoa wa Songwe

TAZARA ni reli ya kilomita 1,860 inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, katikati ya Zambia. Kilomita 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia, na sehemu hizo mbili hukutana Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ikitoka Mbeya, reli hupanda uwanda wa Mbozi, ikapita Mlowo na Vwawa kabla ya kuvuka kwenda Nakonde. Katika orodha za maajabu ya uhandisi wa Afrika, reli hii husifiwa kwa urefu wake, madaraja yake na kasi ya ujenzi wake. Sifa hizo ni za haki, lakini hazitoshi. Makala hii inashikilia kwamba uwezo wa kukitunza kitu ni sehemu ya uhandisi wake, sawa na chuma na zege, na kwamba historia ya Songwe, ya zamani na ya sasa, inathibitisha hivyo.

Ukubwa wa kazi yenyewe haubishaniwi. Mkataba wa Tanzania, Zambia na China ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988. Makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na Wachina, na zaidi ya watu 160 walipoteza maisha, 64 kati yao wakiwa Wachina. Reli ina madaraja 320 na mahandaki 22. Kipande kigumu kuliko vyote ni kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima imekatwa na mabonde yenye kina kirefu: mahandaki 18 yako huko, na daraja la Mpanga limesimama karibu mita 50 juu ya mto. Mbele ya hapo njia hufika zaidi ya mita 1,780 juu ya usawa wa bahari karibu na Uyole. Upana wa reli, milimita 1,067, ulichaguliwa ulingane na wa Zambia ili behewa la shaba litoke migodini hadi bandarini bila kupakuliwa njiani.

Pingamizi la kwanza ni la zamani kuliko reli yenyewe. Wataalamu wa Benki ya Dunia na wa serikali za Magharibi walisema katika miaka ya 1960 kwamba mizigo haitatosha kulipa gharama, na kwamba barabara ingefaa zaidi. Hesabu hiyo iliichukulia njia ya kusini ya Zambia, inayopitia Rhodesia, kana kwamba ingebaki wazi siku zote. Rhodesia ilijitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, na Januari 1973 ikafunga mpaka wake na Zambia. Agosti mwaka huohuo reli ilifika Tunduma. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga pia reli ya Benguela, njia ya magharibi ya kwenda baharini. Kwa nchi isiyo na bahari, thamani ya reli hii ilikuwa pia katika uhuru wa kutopigishwa magoti na jirani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilizidi kidogo tu tani milioni 1 katika miaka yake bora, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Katika miaka hiyo foleni ya malori Tunduma ilikuwa ikirefuka barabarani, hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani kuzinduliwa mwaka 2019. Je, kitu kilichoporomoka hivyo kinastahili kuitwa ajabu? Jibu linapatikana kwa kutazama ni nini hasa kilichoporomoka. Tuta, mahandaki na madaraja yalibaki. Mataruma kwa sehemu kubwa ni ya zege, ambayo hayaliwi na mchwa wala kuteketezwa na moto wa nyika, na hutengenezwa Kongolo, Mbeya, palepale yanapopasuliwa mawe ya kokoto za reli. Injini, kwa upande mwingine, zilitegemea vipuri na fedha za kigeni. Zile za kwanza kutoka China, za dizeli-haidroliki, zilielemewa na miinuko, na katika miaka ya 1980 zikaletwa za dizeli-umeme za muundo wa kampuni ya General Electric. Hizo nazo zikasimama moja baada ya nyingine kwa kukosa matengenezo. Kilichotengenezeka karibu kilidumu, na kilichohitaji kuagizwa kutoka mbali kilikufa. Hivyo mporomoko huu haufuti ustadi wa waliojenga. Unaonyesha kazi ya uhandisi iliyoachwa nusu.

Kipimo hichohicho kinarudisha heshima kwa ufundi wa kale wa eneo hili. Kabla ya ukoloni, mafundi wa Unyiha, ambayo ndiyo Mbozi ya leo, na wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu. Chini ya tanuri palitobolewa matundu ya mirija ya udongo, na ndani kukajazwa mkaa na mawe ya chuma. Joto lilipopanda juu lilivuta hewa mpya kupitia mirija ile, moto ukajichochea wenyewe bila mivukuto. Kilichotoka kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, kwa hiyo kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa majembe. Huu ni usanifu wenye hatua mbili, na kila hatua ina moto wake: tanuri refu liliokoa nguvu za watu kwenye kazi kubwa, na lile dogo likampa fundi udhibiti kwenye kazi ya usahihi.

Mtu anaweza kusema kwamba tanuri la udongo haliwekwi mizani moja na reli ya nchi mbili. Kwa ukubwa, ni kweli. Lakini kwa kipimo cha utunzaji tanuri linashinda: udongo, kuni, mawe na ujuzi vyote vilipatikana kwa wenyeji, na tanuri likibomoka lilijengwa upya na haohao waliolitumia. Wala kufifia kwake katika karne ya 20 hakukutokana na kuharibika, bali na majembe ya bei nafuu kutoka ng'ambo pamoja na utawala wa kikoloni. Hapa pana onyo pia kwa upande wa pili: kuweza kujitengenezea hakutoshi ikiwa soko limehamia kwingine, kama mizigo ya TAZARA ilivyohamia kwenye malori.

Mwaka 2024 nchi tatu zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China ya CCECC, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Idadi ya injini mpya itatangazwa kwa shangwe, na ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, swali la kuuliza ni kama karakana za Dar es Salaam na za Mpika, Zambia, zitaweza kuzifungua, kuzitengeneza na kuchonga vipuri vyake, na kama ada ya mizigo itatenga fedha za kazi hiyo kila mwaka. Mkataba utakaojibu maswali hayo mawili utakuwa umekamilisha uhandisi ulioanza mwaka 1970. Usioyajibu utanunua miaka michache tu ya mwendo.