Ndaye Mulamba: alisimamiwa dakika ya kimya akiwa hai

Vijana wenzetu wa Kampala, na nyinyi mnaofanya kazi nasi, leo tunamleta Pierre Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga, mwaka 1948. Mashabiki walimwita Mutumbula. Mkongo hahitaji kuelezwa jina hilo, na makipa walijua kwa nini.

Mwaka 1973 alichukua ubingwa wa vilabu vya Afrika na AS Vita Club ya Kinshasa. Machi 1974 akaenda Misri na timu ya Zaire kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Cranes yetu ya hapa Uganda nayo ilikuwepo. Nusu fainali, Misri wakatangulia 2-0 kwao nyumbani. Zaire wakageuza, 3-2. Fainali na Zambia ikaisha 2-2, ikarudiwa baada ya siku mbili, Zaire 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika hizo mechi mbili ni yake. Jumla alifunga 9. Miaka zaidi ya 50 imepita, hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika mashindano ya mwaka mmoja.

Mwaka huohuo, Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, Zaire walichapwa 9-0 na Yugoslavia. Mwenzake alimpiga refa teke, kadi nyekundu akapewa Ndaye!

Mwaka 1994 aliheshimiwa Tunisia. Aliporudi nyumbani, majambazi wakampiga risasi ya mguu, wakidhani mtu maarufu lazima ana pesa. Vita vya 1996 vikamuua mwanawe mkubwa. Akakimbilia Afrika Kusini, mkimbizi kama sisi.

Mwaka 1998, kule Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama dakika moja kumwombolea. Eti amekufa mgodini Angola. Kumbe yuko Cape Town, hai, hana kazi, pombe imemshika. Afrika ilimkumbuka kama marehemu.

Baadaye aliinuka tena. Alikuwa kocha wa timu ndogo za mtaani hapo Cape Town. Alifariki Johannesburg, Januari 2019.

Sisi tunaona hivi: sifa zake zilikwama mpakani, lakini ujuzi wake alivuka nao. Walioufaidi ni vijana wa mtaani waliofundishwa na mtu mwenye rekodi ya Afrika nzima.

Hapa Katwe, Nsambya na Makindye tuna wazee wetu: walimu, mafundi, wanamuziki, wachezaji. Jirani anawajua kama "mkimbizi" tu. Ndugu wa mashirika, fomu ikishajazwa, muulizeni mzee alikuwa nani kabla ya vita, kisha mtafutieni pa kufundisha. Na sisi vijana, twende tukawasikilize, tuandike. Dakika ya kimya haimsaidii mtu aliye hai.