Deni la Vita vya Kwanza: Pwani ya Kimbiji na Njia ya Kuelekea Vita vya Pili

Mtu asafiriye kwa chombo kutoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea kusini, akiisha kuzipita Kigamboni na Mbwamaji ya kale, huifikia rasi ya Kimbiji, nchi ya minazi na wavuvi iliyohesabiwa kwa miaka mingi katika wilaya ya Temeke na leo katika wilaya ya Kigamboni. Na akiendelea mbele bila ya kuiacha pwani, hatimaye huiona midomo mingi ya mto Rufiji na, mkabala nayo, kisiwa cha Mafia. Katika midomo hiyo ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na tangu hapo hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915 bahari ya upande huu, iliyozoea majahazi ya boriti na mbata, ikawa bahari ya doria na mizinga. Kwa hiyo watu wa pwani hii hawakuvipata vita vikuu vya kwanza kama hadithi ya Wazungu wa mbali. Na kwa sababu hiyo hiyo wana haki ya kuuliza, pamoja na wanahistoria wa dunia nzima, ilikuwaje sulhu iliyovikomesha vita vile ikadumu miaka 20 tu, kisha vikazuka vingine vilivyokuwa vikali maradufu.

Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Nionavyo mimi, kosa kubwa la sulhu ya mwaka 1919 ni kwamba ilidai deni lisilolipika na ikaacha kulipa lile lililostahili kulipwa. Na ushahidi wa jambo hili haumo Ulaya peke yake, bali umo pia katika nchi yetu na katika maisha ya watu waliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam.

Tuanze na deni lililostahili. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, lakini Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, kwa kuwa hakuwa na nia ya kushinda bali ya kuwashughulisha adui zake ili wasipate nafasi ya kupeleka majeshi kwingine, aliendelea kurudi nyuma na kupigana, akaingia Msumbiji, akatokea kaskazini ya nchi ambayo leo ni Zambia, na hakusalimu amri ila tarehe 25 Novemba 1918, pale Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, majuma mawili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Katika nchi isiyo na barabara, ambamo ndorobo waliwaua farasi na punda, kila kasha la risasi na kila gunia la unga lilichukuliwa juu ya kichwa cha mwanadamu. Na kwa makadirio ya wanahistoria wapagazi waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu, kwa upande wa Waingereza peke yake, wanakaribia 100,000. Jina la Kariakoo, alitamkalo kila mkazi wa Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya jeshi hilo la wapagazi. Huko Ugogo, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, mifugo na vijana, kisha mvua ikakosekana, ilikuja njaa waliyoiita Mtunya, iliyoua maelfu. Na kabla watu hawajapumua, homa ya mafua ya mwaka 1918 ikaingia nchini kwa njia zile zile za askari na wapagazi.

Walioketi Versailles kutengeneza amani hawakuwa na hesabu ya watu hao mbele yao. Mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919 uliwanyang'anya Wajerumani makoloni yote kwa kifungu cha 119, ukawabebesha dhamana ya vita na hasara zake kwa kifungu cha 231, na mwaka 1921 fidia waliyotakiwa kulipa ikakadiriwa kuwa mark za dhahabu bilioni 132. Nchi yetu iligawanywa kama mirathi isiyo na warithi: Rwanda na Burundi zikawa chini ya Ubelgiji, pembe ya Kionga chini ya mto Ruvuma ikapewa Ureno, na sehemu kubwa iliyobaki, iliyopewa jina la Tanganyika mwaka 1920, ikakabidhiwa Uingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, dhamana iliyothibitishwa mwezi wa Julai 1922. Mwafrika wa Tanganyika hakuulizwa neno. Ajabu ni kwamba mkataba ule ulimkumbuka marehemu mmoja wa Uhehe, kwani kifungu cha 246 kiliwaamuru Wajerumani walikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Lakini miezi sita ikapita, na miaka ikapita, na vita vya pili vikaja na kwenda, na fuvu lile halikurudi Kalenga ya Uhehe ila mwezi wa Juni 1954. Ikiwa deni dogo na jepesi kama lile lilichukua miaka 35, msomaji ataweza kupima mwenyewe jinsi madeni makubwa yalivyotazamwa.

Basi sulhu ile iliwaacha watu wa namna tatu wakiwa na kinyongo. Wa kwanza walikuwa Wajerumani, walioambiwa kwamba hatia yote ni yao, wakaona thamani ya fedha yao ikiteketea mwaka 1923 hata akiba ya umri mzima ikawa haitoshi kununua mkate. Wa pili walikuwa Wataliana, ambao waliingia vitani upande wa washindi kwa mapatano ya siri ya London ya mwaka 1915, yaliyowaahidi fungu katika Afrika iwapo wenzao watajiongezea makoloni, nao wakajiona wamepunjwa. Fungu lao kubwa upande wetu lilikuwa Jubaland pamoja na bandari ya Kismayu, mji wa Waswahili wa pwani ya kaskazini, iliyotolewa katika Kenya na kupewa Italia mwaka 1925; na fungu hilo halikumtosheleza Mussolini, bali lilimsogeza karibu zaidi na Ethiopia, aliyoivamia tarehe 3 Oktoba 1935. Wa tatu walikuwa wenyeji wa nchi zilizogawanywa, ambao kinyongo chao hakikuwa na jeshi wala gazeti, na kwa hiyo hakikuhesabiwa.

Kinyongo cha Wajerumani kilipata msemaji mwenye elimu na cheo katika Dakta Heinrich Schnee, gavana wao wa mwisho wa Dar es Salaam, aliyechapisha mwaka 1924 kitabu cha kukanusha kwamba Wajerumani hawakustahili kutawala makoloni, ilhali kumbukumbu ya vita vya Majimaji ilikuwa ingali mbichi Uzaramo na Umatumbi. Mwaka uliofuata Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, wakayanunua tena mashamba ya mkonge na kahawa kwa msaada wa fedha kutoka kwao, na kufikia mwaka 1939 walikuwa zaidi ya 3,000. Kisha ulikuja mdororo mkuu wa biashara ulioanza Marekani mwaka 1929. Bei ya mkonge ilianguka, bei ya mbata ikaanguka, na mkulima wa pwani kama ya Kimbiji, ambaye hakuwahi kusikia habari za soko la hisa la New York, akaona nazi zake hazinunuliki ilhali kodi ya kichwa ingali inadaiwa. Msiba huo huo, ulipofika Ujerumani, ulizaa mamilioni ya watu wasio na kazi, nao wakamsikiliza Adolf Hitler, aliyewaahidi kuurarua mkataba wa Versailles, hata akashika ukansela tarehe 30 Januari 1933. Muda haukupita mwingi ila chama chake kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi wa Tanganyika, na bendera ya swastika ikapepea katika nchi ambayo Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza kwa amana.

Shirikisho lenyewe, ambalo ndilo lililokuwa nguzo ya sulhu, lilidhoofika kwa kuacha dhuluma moja baada ya nyingine. Japani ilipoiteka Manchuria, tume iliyoongozwa na Lord Lytton ilitumwa kuchunguza mwaka 1932, na mjumbe wa Ujerumani katika tume hiyo alikuwa Schnee yule yule aliyewahi kuitawala Dar es Salaam. Ripoti ikapokelewa, Japani ikajitoa katika Shirikisho mwezi wa Machi 1933, na hakuna lililotendeka. Ujerumani ikajitoa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Mfalme Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 kulilia nchi yake, na mataifa yaliyoapa kuilinda yakaondoa hata vikwazo hafifu yalivyokuwa yameiwekea Italia. Watu weusi wa Afrika ya Mashariki waliofuata habari za Ethiopia walielewa mapema kuliko wengi wa Ulaya kwamba ahadi za mwaka 1919 zimekufa.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba Hitler alianzisha vita kwa ajili ya Tanganyika. Tamaa yake kuu ilikuwa ardhi ya mashariki ya Ulaya, na makoloni aliyadai aghalabu kama silaha ya maneno. Mwezi wa Machi 1938 balozi wa Uingereza, Nevile Henderson, alipomwekea mbele shauri la kuyagawanya upya makoloni ya Afrika ya kati, Hitler alilipuuza. Lakini jambo la kuzingatiwa ni kwamba shauri lenyewe liliwezekana kutolewa, maana yake miaka 19 baada ya Versailles wakubwa wa dunia walikuwa bado wakifikiri kununua utulivu wao kwa nchi za watu wengine, kama walivyofanya mwezi wa Septemba mwaka huo kwa nchi ya Wacheki pale Munich. Hofu ya kurudishwa kwa Wajerumani ilitanda Tanganyika, na walowezi wa Kiingereza wakaunda chama cha kuipinga. Na kwa mara nyingine tena, aliyeulizwa hakuwa mwenye nchi.

Dhuluma hii yote yaonekana kwa ukamilifu katika maisha ya mtu mmoja. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Wajerumani, naye akaingia jeshini pamoja na baba yake angali mtoto wa miaka 10. Mwaka 1929 alifika Berlin, akaidai serikali mishahara ya vita ya baba yake na yake mwenyewe, akajibiwa kwamba muda umekwisha kupita. Akabaki huko, akiwa mtumishi wa mkahawani na msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akitumiwa na wadai makoloni katika maonyesho yao kama mfano wa askari mwaminifu. Lakini alipoomba nishani ya wapiganaji mwaka 1934 alinyimwa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Dola iliyojidai kupigania haki zake zilizoporwa Versailles ndiyo iliyomnyima haki yake kijana wa Dar es Salaam aliyeimwagia jasho, kisha ikamwua.

Vita vilipotangazwa tarehe 3 Septemba 1939, Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na vijana wa nchi wakaandikwa tena. Zaidi ya 80,000 kutoka Tanganyika walitumikia: Keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Waingereza, waliiteka Kismayu mwezi wa Februari 1941, wakasaidia kuikomboa Ethiopia mwaka huo huo, wakapigana Madagascar mwaka 1942, kisha wakapelekwa misitu ya Burma, na meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kuzamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ilizama na watu zaidi ya 1,200, wengi wao wakiwa askari wa Afrika ya Mashariki. Katika Dar es Salaam, Kleist Sykes alikuwa amepigana vita vya kwanza chini ya Lettow-Vorbeck. Wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma chini ya Waingereza. Baba na wana walipigana chini ya bendera mbili zilizokuwa adui, na hapana bendera kati ya hizo mbili iliyokuwa yao.

Ila safari hii waliorudi hawakukubali kuachwa nje ya hesabu. Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka 1946, na udhamini huo, tofauti na ule wa kwanza, ulimruhusu mwenyeji kupeleka malalamiko yake mwenyewe na kusikizwa kwa kinywa chake. Abdulwahid na Ally Sykes walikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, na mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kuisemea nchi yake. Hilo ndilo lililokosekana Versailles. Amani iliyoandikwa bila ya kuwapo wale iwahusuo haikosi kuacha deni, na deni lisilolipwa hudaiwa kwa damu. Kwa hiyo kila mwalimu afundishaye habari za vita hivi viwili, awe Dar es Salaam mjini au katika darasa la Kimbiji, asianze na majina ya majenerali, bali awaulize wanafunzi wake kwanza ni nani hakuitwa kwenye meza ya sulhu.