Duka la Mafuta ya Taa: Wake wa Viongozi wa Kwanza wa Tanzania na Azimio la Arusha

Katiba ya Tanzania haimpi mke wa Rais kiapo, ofisi wala kazi ya kufanya. Hati ya kisiasa iliyowagusa wake wa viongozi bila kuzunguka ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Masharti yake ya uongozi yalimkataza kiongozi kumiliki hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Azimio likaongeza ufafanuzi mfupi: kiongozi anayesemwa hapo si mwanamume peke yake, mkewe naye amo, na kama kiongozi ni mwanamke, mumewe naye amo. Walioandika juu ya Mama Maria Nyerere, mke wa Rais wa kwanza, na wenzake mara nyingi wameuruka ufafanuzi huo. Wameona vyema kuisifu subira ya mke anayesimama hatua mbili nyuma ya mumewe uwanja wa ndege. Sifa hizo hazielezi jambo lolote.

Maria Waningu Gabriel Magige alizaliwa Desemba 31, 1930, Tarime. Alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, akahitimu ualimu Sumve, akafundisha Nyegina, karibu na Musoma. Alifunga ndoa na Julius Nyerere Januari 1953, miezi michache baada ya Julius kurudi kutoka Edinburgh. Alikuwa anaingia katika nyumba ya mtemi, Butiama: baba mkwe wake, Nyerere Burito, alikuwa ameoa wake 22, na Mgaya wa Nyang'ombe, mama wa Julius, alikuwa wa tano. Katika boma la namna hiyo mke alijulikana kwa shamba lake, ghala lake na watoto wake. Suala la mke kuwa na mali anayoisimamia mwenyewe, kwa hiyo, lilikuwepo Butiama kabla ya siasa za Dar es Salaam.

Yanayofuata yanafahamika: ualimu wa Julius Pugu, uongozi wa chama cha TAA, kuzaliwa kwa TANU Julai 7, 1954, safari ya Umoja wa Mataifa Machi 1955. Aliporudi kutoka New York, Nyerere aliacha ualimu, kwa kuwa wakuu wa shule walimtaka achague kati ya darasa na siasa. Vitabu vingi humaliza habari hiyo kwa kuusifu ujasiri wake, kisha vinahamia kwenye mikutano ya Mnazi Mmoja. Mshahara ulikuwa umekatika, watoto walikuwa wachanga, na chama chenyewe kiliishi kwa michango ya wanachama. Swali la nani alinunua unga mwezi uliofuata ni la kihistoria kama lilivyo lile la nani alihutubia.

Sehemu ya jibu imo katika duka dogo. Mama Maria aliuza mafuta ya taa Kariakoo. Mwanahistoria Mohamed Said, aliyekulia katika mitaa hiyo na kuandika maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, amelitaja duka hilo mara kadhaa anapoeleza jinsi familia za mjini zilivyompokea mwalimu kutoka Musoma na mkewe. Nyumba nyingi za Waafrika Dar es Salaam hazikuwa na umeme wakati huo, na mafuta ya taa yalinunuliwa kidogo kidogo, ya kutosha usiku mmoja au miwili. Mteja alikuja na chupa yake, mara nyingi mtoto aliyetumwa jua likielekea kuzama. Muuzaji alichota kwenye debe, akamimina kwa faneli, akaangalia yasizidi shingo ya chupa, kizibo kikarudishwa. Mikono ilinuka mafuta hata baada ya sabuni. Faida ilihesabiwa kwa senti, tena taratibu, maana wateja wa koroboi ni wale wale wanaokopa hadi mwisho wa mwezi.

Biashara ya namna hiyo ilikuwa na faida nyingine isiyoandikwa kwenye daftari. Muuza mafuta ya taa hukutana na kila nyumba ya mtaa. Mwanamke wa Kikatoliki kutoka Mara, mgeni kwa lugha ya mjini na kwa desturi za Waswahili, aliwafahamu wanawake wa Kariakoo kwa salamu za kila jioni, si kwa kutambulishwa jukwaani. Hao ndio wanawake walioijaza TANU. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa lelemama aliyekuwa na kadi namba 16, aliongoza kitengo cha wanawake tangu mwaka 1955, na Tatu binti Mzee alikuwa miongoni mwa waliokuwa naye. Mtafiti Susan Geiger aliyakusanya masimulizi yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, na baada ya kitabu hicho ilikuwa vigumu kuandika kwamba wanawake wa TANU walikuwa wapishi na waimbaji tu.

Wapo wanaoyapuuza masimulizi ya Mohamed Said kwa hoja kwamba yana ajenda yake: kurudisha majina ya Waislamu wa mjini yaliyofifia katika historia rasmi ya chama. Ajenda ipo, naye haifichi. Lakini shahidi mwenye ajenda bado anaweza kuwa ameliona duka. Marekani ina mfano unaofanana. Kwa vizazi vingi iliaminika kwamba Dolley Madison, mke wa Rais James Madison, ndiye aliyeiokoa picha kubwa ya George Washington Waingereza walipokaribia kuichoma Ikulu mwaka 1814. Mwaka 1865 Paul Jennings, aliyekuwa mtumwa katika nyumba ile, alichapisha kumbukumbu zake akasema picha ilishushwa na mtumishi Mfaransa na mtunza bustani. Dolley alikuwa na sifa zake halisi: karamu zake za Jumatano ziliwakutanisha wabunge wa pande zilizokuwa hazisemezani. Aliyeuliza nani alishika ngazi hakumpunguzia chochote.

Ulinganisho na Marekani una mipaka. Martha Washington, mke wa Rais wa kwanza, alikuwa mjane tajiri wa Daniel Parke Custis. Mwaka 1799 watumwa wa Mount Vernon walikuwa 317, na 153 kati yao walitokana na urithi wa Custis. Ukarimu wake uliosifiwa ulibebwa na mikono hiyo. Mke wa Rais wa kwanza wa Tanganyika alifika Ikulu akitokea kwenye debe la mafuta ya taa na nyumba ya Magomeni, ambayo leo ni makumbusho. Hata Ikulu familia haikukaa muda mrefu. Makazi yao yalikuwa Msasani, katika nyumba iliyojengwa kwa mkopo.

Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) ulipoundwa mwaka 1962, mwenyekiti alikuwa Bibi Titi. Mama Maria hakupewa kiti hicho. Baadhi wameona hapo udhaifu, kana kwamba mke wa Rais asiyeongoza wanawake hana ushawishi. Hoja hiyo imekaa kichwa chini. Titi alikuwa ameipata nafasi yake kwa miguu, jimbo kwa jimbo, na hakuna ndoa ambayo ingeipata kwa niaba ya mtu mwingine. Kwa miaka mitano ya kwanza nchi ilikuwa na mwanamke mwenye umati na mwanamke mwenye nyumba ya Rais, nao hawakuwa mtu mmoja.

Azimio liliwagusa wote wawili mwaka mmoja. Bibi Titi, ambaye tayari alikuwa ameshindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji mwaka 1965, alijiuzulu uongozi mwaka 1967. Alikuwa na nyumba za kupangisha, na masharti mapya yalimtaka aziache. Mama Maria alikuwa na mradi wa kufuga kuku, nao ukaachwa. Hapa ndipo ule ufafanuzi ulipoonyesha makali yake. Kuku hao hawakuwa hisa za kampuni ya kigeni, na pengine mayai yao hayakumnyonya mtu yeyote. Lakini kama mke angeruhusiwa kufanya kile ambacho mume amekatazwa, kila kiongozi angeandikisha nyumba zake kwa jina la mkewe ndani ya wiki moja. Nyerere alijua hivyo, na ilibidi aanzie nyumbani kwake.

Bei ya uamuzi huo haijahesabiwa vya kutosha. Mwanamke aliyeisaidia familia kwa senti za mafuta ya taa wakati mume hana mshahara sasa alizuiwa kuwa na kipato cha pembeni kwa sababu mume anao. Kwa wake wa viongozi wa ngazi zote lilikuwa jambo la jikoni. Chukua mfano wa Babati: wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Arusha, kilomita zipatazo 170 kutoka mji lilikopitishwa Azimio. Huko nako mke wa mtumishi mkubwa wa serikali mwenye chumba cha kupangisha alihesabiwa katika uongozi ambao hakuwahi kuuomba. Azimio lilimtambua kama mwenye mali kwa kumnyima mali. Wanaolisifu Azimio bila kulitaja hilo, na wanaolilaani bila kukiri kwamba mwanya huo ulikuwa wa kweli, wanaisoma nusu ya karatasi.

Zanzibar ilikuwa na mkondo wake. Fatma Karume alikuwa mke wa Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, akawa mjane Aprili 7, 1972 Abeid Amani Karume alipouawa, na mwaka 2000 akamwona mwanawe Amani akishika kiti hicho hicho. Siti Mwinyi, mke wa Ali Hassan Mwinyi, naye amekuwa mama wa Rais wa Zanzibar tangu mwaka 2020. Mke wa kiongozi aliyesema kwa sauti yake mwenyewe miaka ya 1980 alikuwa Sophia Kawawa wa bara, mwenyekiti wa UWT na mke wa Rashidi Kawawa. Mwaka 1988 pendekezo lake la kubadili sheria za ndoa, ikiwemo ndoa ya wake wengi, lilizua maandamano Zanzibar yaliyomwaga damu.

Mwaka 1991, katika kikao cha Zanzibar, CCM, chama kilichoirithi TANU, iliyalegeza masharti ya uongozi. Mume na mke wakawa huru tena kufanya biashara. Mwaka 1997 Anna Mkapa, mke wa Rais wa wakati huo, alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, uliowasaidia wanawake wajasiriamali, na baadaye kampuni ya ANBEN, yenye herufi za majina yake na ya mumewe, ikazua mjadala mkali magazetini. Mwalimu Salma Kikwete akafuata na taasisi ya WAMA mwaka 2006. Janeth Magufuli, mwalimu wa Shule ya Msingi Mbuyuni, alikuwa mke wa Rais wa tatu kutoka darasani, baada ya Mama Maria na Salma.

Oktoba 14, 2023, kumbukumbu ya kifo cha Nyerere na kilele cha mbio za Mwenge vilifanyika Babati, sasa makao makuu ya Mkoa wa Manyara, katika uwanja wa Kwaraa chini ya mlima wa jina hilo. Aliyeongoza shughuli alikuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Tangu alipoapishwa Machi 19, 2021, magazeti yamekuwa yakihangaika na jina la kumwita mumewe, Hafidh Ameir, bwana shamba mstaafu asiyeonekana sana hadharani. Azimio la Arusha lilikuwa limeshamwandikia nafasi miaka 54 kabla ya kiapo hicho, pale liliposema kuhusu kiongozi mwanamke na mumewe.